Nyumba ipendeze kwa nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ni kweli, lakini mnunuzi, mpangaji na hata mkwe huanzia nje, na wengine hugeuzia getini. Majibu haya yamelenga zaidi nyumba za kawaida za Dar es Salaam na ukanda wa pwani, za tofali za sementi na paa la bati, pamoja na mawili matatu kwa walioko bara na kwenye miji ya kale. Bei hatukuziweka: za Kariakoo si za duka la mtaani kwako, na zote hubadilika.

Hela yangu ni kidogo. Nianzie wapi?

Anzia kwenye maji. Siku mvua inaponyesha, vaa kandambili, chukua mwavuli, uizunguke nyumba taratibu. Angalia maji ya bati yanaangukia wapi, tope linaruka hadi urefu gani ukutani, maji yanatuama wapi, na kona ipi inabaki mbichi siku mbili baada ya mvua kukatika. Karibu kila doa baya la ukuta wa nje lina maji nyuma yake: weusi chini ya dirisha, ukijani upande usiopata jua, wekundu wa tope juu ya msingi, rangi iliyobabuka. Ukipaka rangi juu ya doa bila kuyaelekeza maji kwingine, umeliazima doa nguo mpya tu, na masika yakifika litaivua.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye mifereji ya bati, au kuizibua ile iliyopo kama imejaa majani. Ya pili iende kwenye ukanda wa zege kuzunguka nyumba, upana wa sentimita 60 hadi 90, ulioinama kidogo kuelekea nje. Hauna urembo wowote, na ndiyo maana wengi huuruka, lakini ndio unaozuia tope kurukia ukuta na maji kunyonywa na msingi.

Halafu zipo kazi zisizohitaji fundi. Ondoa tofali zilizobaki tangu ujenzi, vipande vya bati, nondo zenye kutu, matairi na ile pikipiki isiyowaka tangu mwaka juzi. Nyaya za dishi zinazoning'inia zifungwe vizuri ukutani. Osha ukuta kwa maji, sabuni ya unga na brashi ngumu. Penye ukungu paka jiki iliyochanganywa na maji (sehemu moja ya jiki kwa tatu au nne za maji), iache kama robo saa, sugua, suuza. Vaa glavu, na usiichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya usafi, hasa ile ya kusafishia choo, kwani hutoa hewa ya sumu. Wengi wakimaliza kuosha hugundua kwamba nusu ya kile walichokiita rangi kuchakaa kilikuwa vumbi.

Hela ikitosha kazi moja tu ya rangi, paka mlango wa mbele, fishabodi (ubao unaozunguka ukingo wa paa) na mkanda wa chini wa ukuta. Mistari hiyo mitatu ikiwa safi, jicho huusamehe ukuta wenyewe.

Kwa nini rangi inababuka chini, karibu na ardhi, hata nikirudia kila mwaka?

Kwa sababu tatizo liko ndani ya ukuta. Tofali na plasta hunyonya maji ya ardhini na kuyapandisha. Maji hayo hubeba chumvi, na yakifika juu hukauka na kuiacha chumvi nyuma. Ule unga mweupe unaoufuta kwa kidole na kesho kutwa umerudi ndiyo chumvi yenyewe. Inapoganda chini ya rangi huisukuma kutoka ndani mpaka ikapasuka.

Nyumba iliyojengwa vizuri ina karatasi ya nailoni au lami juu ya msingi, kabla ya tofali za ukuta, ya kuzuia unyevu kupanda. Kuna mafundi waliiruka, na kuna wenye nyumba waliosema ni gharama ya bure. Tatizo huwa kubwa zaidi maeneo ya chini yenye maji karibu, na pale mchanga uliotumika ulitoka ufukweni, kwa kuwa una chumvi yake tayari.

Kurekebisha kuna hatua zake. Kwanza punguza udongo uliorundikana ukutani: ardhi ya nje iwe chini ya sakafu ya ndani angalau kwa sentimita 15. Bustani iliyobanana na ukuta, inayomwagiliwa jioni kila siku, ihame. Pili, bandua plasta iliyooza hadi sentimita 30 au zaidi juu ya pale doa linapoishia, sugua chumvi ikiwa kavu kwa brashi (ukiosha kwa maji unairudisha ndani), uache ukuta upumue wiki kadhaa. Tatu, piga plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Rangi ni ya mwisho, na isiwe ya mafuta. Rangi ya mafuta hufunga ukuta, unyevu ukakosa pa kutokea, na baada ya muda inavimba na kupasuka.

Ukuta una nyufa. Nizibe nipake, au nimwite mtaalamu?

Ufa mwembamba kama unywele, usio na mwelekeo, mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka bila kumwagiliwa. Upanue kidogo kwa ncha ya bisibisi, ujaze, piga msasa, endelea. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kushuka kama ngazi ukifuata maungio ya tofali, au unaoingiza sarafu, au unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, ni habari nyingine: msingi unatembea. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukiongezeka baada ya miezi miwili, tafuta mhandisi kwanza.

Nyumba ni mpya. Nisubiri muda gani baada ya plasta ndipo nipake rangi?

Takriban siku 28, huku siku saba za mwanzo plasta ikimwagiliwa maji asubuhi na jioni. Sementi mbichi ni kali na ina unyevu mwingi. Ukiiwahi, rangi inakuwa na mabaka na inapauka vibaya. Kama sherehe iko karibu na huwezi kungoja, piga chokaa nyeupe, upige picha zako za harusi, urudi kwenye rangi baadaye.

Fundi anasema tupige skimu (tabaka jembamba la kulainisha ukuta) ya nje kwa unga wa jipsamu. Ni sawa?

Hapana. Jipsamu ni ya ndani. Ikilowa inalainika, na nje italowa tu. Skimu ya nje iwe na msingi wa sementi, na mfuko uandikwe kwamba unafaa kwa nje. Fundi anapenda jipsamu kwa sababu inateleza vizuri mkononi na kazi inakwisha upesi, nawe siku ya kumlipa utaona ukuta laini kama kioo. Picha yake halisi utaiona baada ya vuli mbili.

Na kwa kweli, si kila ukuta wa nje unahitaji skimu. Plasta iliyosawazishwa vizuri kwa sifongo, yenye chembe kidogo, huficha kasoro kuliko ukuta laini ambao jua la saa kumi linauonyesha kila wimbi.

Rangi ipi inafaa kwa nje?

Rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya nje, ambayo mafundi wengi huiita weda gadi bila kujali imetoka kampuni gani. Tofauti yake na rangi ya maji ya ndani ni gundi: ya nje ina gundi nyingi na imara zaidi, dawa ya ukungu, na chembe za rangi zinazovumilia jua. Ya ndani ikipakwa nje, baada ya mwaka unaegemea ukuta na shati linabaki jeupe.

Mpangilio unaofaa ni praima ya ukutani (rangi ya awali inayoandaa ukuta) mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, kisha mikono miwili ya rangi. Praima ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana, lakini bila hiyo ukuta unakunywa mkono wa kwanza wote na unajikuta umenunua wa tatu.

Angalia ndoo. Iwe na alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, na kifuniko kisiwe kimewahi kufunguliwa. Kuongeza maji kupita kilichoandikwa kwenye ndoo ni mchezo wa kawaida; rangi ikikimbia kutoka kwenye rola kama maziwa, simamisha kazi. Jambo jingine ni risasi. Rangi za mafuta, hasa za zamani na zile za njano, nyekundu na kijani zinazong'aa, huenda zina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linapendekeza yasizidi sehemu 90 kwa milioni. Ukipiga msasa geti au dirisha la zamani, lowesha kwanza ili vumbi lisiruke, watoto wakae mbali, na mabaki yasifagiliwe kwenye bustani ya mchicha.

Nitahitaji ndoo ngapi?

Hesabu hii usimwachie fundi peke yake. Chukua nyumba ya mita 12 kwa 10. Mzunguko ni mita 44. Zidisha kwa urefu wa ukuta, tuseme mita 3: mita za mraba 132. Toa milango na madirisha, kama 20, zinabaki 112. Mikono miwili ni 224. Lita moja kwenye plasta ya kawaida hupaka mita za mraba 8 hivi kwa mkono mmoja (ukuta laini hufika 10 au 12, wa chembe nyingi hushuka hadi 6). Gawanya: lita 28, yaani ndoo moja ya lita 20 na galoni mbili za lita nne.

Kama rangi inachanganywa kwa mashine dukani, nunua yote siku moja na uandike namba yake mahali pasipopotea, ndani ya mlango wa kabati kwa mfano. Rangi hiyohiyo ikichanganywa mwezi mwingine inaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo itakaa katikati ya ukuta wa mbele.

Rangi gani inapendeza?

Hapa kila mtu ana macho yake, lakini udongo wa mahali una kauli. Dodoma, Singida na penye ardhi nyekundu, nyeupe tupu ni kazi ya kila msimu. Rangi za mchanga, maziwa au tofali zinalingana na vumbi lenyewe. Pwani, nyeupe inakaa vizuri kwa sababu inarudisha jua na nyumba inapoa. Mwaka 2018 Kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe yenye mapambo ya bluu. Watu walibishana sana, ila mtaa uliopakwa ukatulia machoni.

Zambarau, machungwa na kijani cha embe bichi vinapendeza kwenye kadi ya duka, ile ya saizi ya kibiriti. Ukutani, rangi yoyote huonekana kali mara mbili. Nunua kopo dogo, paka mita moja ya ukuta, uitazame asubuhi, adhuhuri na magharibi kabla ya kuamua. Rangi tatu zinatosha: moja ya ukuta, moja iliyokoza ya mkanda wa chini (ndiyo inayoficha tope), moja ya milango na fishabodi. Rangi ya bati tayari ni ya nne na huwezi kuibadilisha, kwa hiyo chagua nyingine ukiwa unaliangalia bati. Nyumba nyingi zilizoharibika rangi zilisahau hilo.

Makampuni ya simu na ya soda yakikuambia yatakupakia fremu ya duka bure kwa rangi yao, uliza kwanza nani atalipa ada ya bango. Halafu fikiria kama unataka kukaa ndani ya tangazo.

Msimu gani ni mzuri kwa kazi za nje?

Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar: Juni hadi Septemba, baada ya masika, hewa ikiwa kavu na jua si kali. Januari na Februari inawezekana, lakini fundi afuate kivuli: upande wa magharibi asubuhi, wa mashariki mchana. Rangi inayopakwa kwenye ukuta unaounguza mkono hukauka juu kabla ya kushika. Kanda ya kati na nyanda za juu kusini, ambako mvua ni ya msimu mmoja, una nafasi ndefu kuanzia Mei hadi Oktoba.

Bati limepauka. Nilipake rangi au nibadilishe?

Likiwa limepauka tu, bila kutoboka, linapakika. Lioshwe, kutu isuguliwe, misumari iliyolegea ibadilishwe kwa ile yenye mpira, ipigwe praima ya chuma, kisha rangi maalumu ya paa. Bati jipya linalong'aa lina mafuta ya kiwandani. Ukilipaka bila kulisafisha na bila praima yake, rangi itabanduka kwa vipande kama ganda la kitunguu.

Likiwa limeliwa na kutu kwenye maungio au karibu na kofia (bati la kilele cha paa), okoa hela ya rangi uweke kwenye bati jipya. Kumbuka kwamba geji, namba ya unene wa bati, huenda kinyume na matarajio: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Karibu na bahari, ambako upepo una chumvi, geji 32 ni majuto. Ukibadilisha bati, kagua pia kenchi (mbao zinazobeba paa) na fishabodi kama zina mchwa, na mbao mpya ziwe zimetiwa dawa.

Paa la zamani la asbesto, lile la vigae vizito vya kijivu lililopo kwenye baadhi ya nyumba za mashirika, usilioshe kwa mashine ya presha, usilikate, usilipige msasa. Vumbi lake husababisha magonjwa ya mapafu ikiwemo saratani. Kama halijavunjika liache, na likihitaji kuondolewa uliza halmashauri utaratibu wa kulizika.

Geti na grili vinaoza kwa kutu. Nifanyeje?

Kutu isuguliwe hadi chuma kionekane, siyo kupitishiwa brashi tu. Siku hiyohiyo ipigwe redoksaidi (praima ya kuzuia kutu), kwa maana hapa pwani chuma kilicho wazi huanza kushika kutu usiku mmoja, kisha rangi ya mafuta mikono miwili. Angalia sehemu za chini na ndani ya mabomba ya mraba, ambako maji huingia na kubaki: mwambie fundi wa kuchomelea aache vitundu vya kutokea maji. Na michoro ya tai, simba na taji juu ya geti kila mmoja anaijua. Mistari wima iliyonyooka ni rahisi kupaka, haikusanyi vumbi, na baada ya miaka kumi bado haijachosha.

Nijenge ukuta wa uzio mrefu kiasi gani?

Ukuta wa mita mbili na nusu wenye chupa zilizovunjwa juu unamficha mwizi akishaingia, na unaificha nyumba uliyoigharamia. Kwa maoni yetu, tofali hadi kiunoni au kifuani na grili juu yake ndiyo suluhisho zuri zaidi: upepo unapita, jirani anaona kinachoendelea, na bustani yako inahesabika kama sehemu ya mtaa. Wenye sababu ya kujificha zaidi wapande mimea nyuma ya grili.

Kabla ya tofali la kwanza, mambo mawili. Mjini uzio ni ujenzi, kwa hiyo unauombea kibali halmashauri. Ofisi ya serikali ya mtaa itakuelekeza. Pili, barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 Tanzania iliweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Kila mtu ameziona zile alama za X kwenye kuta. Pima kabla hujapanda hata maua upande huo.

Pevingi au ukoka?

Pevingi pale gari linapopita na njia ya kwenda mlangoni. Kwingine kuacha udongo ni busara, kwani uwanja uliozibwa wote unapeleka maji ya mvua kwa jirani na kuifanya nyumba kuwa tanuri. Tofali za pevingi za unene wa milimita 60 zinatosha kwa watu na gari dogo. Lori la maji au mchanga likiingia mara kwa mara tafuta za milimita 80. Siri ya pevingi isiyobonyea iko chini yake: udongo laini uondolewe, kifusi kishindiliwe, mchanga usawazishwe, na pembeni kuwe na ukingo wa zege wa kuzizuia zisitawanyike. Mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Fundi anayemwaga mchanga na kupanga siku hiyohiyo atarudi, au hatarudi, na hilo la pili ni baya zaidi.

Ukoka ni mzuri kama una maji. Kama maji ya bomba kwako yanatoka kwa zamu, usijitese. Uwanja wa mchanga uliofagiliwa kwa chelewa, mistari ikionekana, ni urembo wa pwani tangu zamani na haujawahi kumgharimu mtu zaidi ya ufagio.

Nipande nini mbele ya nyumba?

Miashoki kwa pazia jembamba lenye kivuli kidogo. Mwarobaini kwa kivuli kinachovumilia ukame. Bogenvila kwenye uzio, inayochanua zaidi ikinyimwa maji kidogo. Asumini au mkilua karibu na baraza, kwa ajili ya harufu ya usiku. Mkrismasi unapendeza mno Desemba, lakini mizizi yake iko juujuu na inanyanyua pevingi. Uwe mbali na nyumba, mabomba na karo la maji taka.

Vyungu vya maua havihitaji sahani chini. Ukiziweka, zimwage kila baada ya siku chache, kwani mbu wa dengue huzaliana kwenye maji machache yaliyo safi, na Dar es Salaam iliona milipuko ya homa hiyo mwaka 2014 na 2019. Ndoo za rangi zilizobaki uwanjani ni hivyohivyo.

Taa za nje?

Chache, za chini, zenye mwanga wa njano. Mwanga mweupe mkali huvuta wadudu zaidi na kuifanya nyumba ifanane na kituo cha mafuta. Moja mlangoni, moja getini, moja ikiangaza mti. Za sola zinafaa njiani ikiwa vivuli vya miti havizifikii mchana.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe. Ushauri huu unatuhusu?

Sehemu ndogo tu. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, za Lamu na za mji wa kale wa Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa hupumua: hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya sementi, ambayo ni ngumu na haipitishi, unyevu unafungiwa ndani, boriti zinaoza kwenye ncha zilizozama ukutani, na siku moja plasta yote inadondoka na vipande vya ukuta. Mengi yaliyofanywa kwa nia njema kwenye nyumba hizi yameziumiza kuliko kuzipuuza.

Kwa hiyo plasta iwe ya chokaa, rangi iwe chokaa, na tafuta mwashi aliyejifunza kazi hiyo. Mifereji ya paa ndiyo ya kwanza kukaguliwa, maana uvujaji wa mwaka mmoja unaiozesha boriti iliyodumu miaka mia. Baraza la nje lisivunjwe kupisha jenereta. Mlango wa nakshi usipakwe rangi ya mafuta, inayojaza michoro na kuifuta. Safisha vumbi kwa brashi laini na utumie mafuta ya mbao. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, na huko hata kubadilisha dirisha kunahitaji ruhusa. Zanzibar unaipata kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Nyumba ya kijijini ni ya tofali za kuchoma. Lazima nipige plasta?

Si lazima. Njombe na Iringa zipo nyingi zilizoachwa wazi na zinapendeza. Kinachoziharibu ni maungio: yakwaruzwe yaliyolegea, yajazwe upya, yasawazishwe. Mwisho wa paa utokeze vya kutosha, nusu mita na zaidi, ili mvua isipige ukuta. Ya udongo vilevile, pamoja na mkanda wa mawe chini.

Mimi ni mpangaji. Nifanye nini?

Fanya unavyoweza kuondoka navyo: vyungu, taa za sola, zulia la mlangoni, viti vya barazani. Rangi na pevingi ni vya mwenye nyumba. Akikubali gharama ikatwe kwenye kodi, iandikwe kwenye karatasi mbili zenye kiasi na miezi, na zisainiwe kabla ya ndoo kununuliwa. Makubaliano ya mdomo huishi hadi anapopatikana mpangaji wa bei kubwa.

Niko Muscat, nyumba iko Unguja. Nasimamiaje?

Usitume hela yote kwa ndugu, hata awe mwema namna gani. Hela ya rangi ikikutana na ada ya shule, ada hushinda, na huwezi hata kumlaumu. Lipa duka moja kwa moja kwa vifaa, na fundi kwa hatua: baada ya kuosha na kukwangua, baada ya praima, baada ya kumaliza. Kila hatua uletewe video ya mchana inayozunguka nyumba yote bila kukatwa, na picha ya ndoo zikiwa zimefungwa, kisha zikiwa tupu. Agiza praima iwe na rangi tofauti na ile ya mwisho, ili kwenye video uone imepigwa kweli.

Nauza nyumba. Nipake kwanza?

Osha, ziba, paka mbele na geti. Usibadilishe bati wala kumwaga pevingi uwanja mzima. Mnunuzi ana mipango yake na hatakulipa kwa ladha yako. Jihadhari pia na kupaka mbichi juu ya unyevu wiki ya kuleta wateja. Mnunuzi mzoefu akinusa rangi mpya sehemu ya chini peke yake, anagonga ukuta kwa kidole na kushusha bei.

Nikiipamba nyumba, kodi ya majengo itapanda?

Tanzania Bara, hapana. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa unaponunua umeme wa LUKU, kwa kiwango mfuto kisichotazama rangi, geti wala bustani. Hesabu hubadilika ukiongeza ghorofa.